Shule imeisha, sasa aende wapi? Chuo maalumu, VETA, au kwa fundi wa mtaani kwa kijana mwenye ulemavu

Mdogo wangu alirudi nyumbani Novemba, siku mbili baada ya mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, akiwa na tranka la bati, godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, na hasira. Hasira hiyo sikuielewa mpaka baadaye. Yeye ni kiziwi tangu utotoni. Tangu darasa la kwanza alikuwa akikaa bweni na viziwi wenzake, akicheka nao, akigombana nao, akisimuliwa mechi nzima ya mpira kwa mikono. Sasa alikuwa amerudishwa Temeke, kwenye nyumba ya watu saba ambamo mimi peke yangu ndiye niliyejua ishara zaidi ya "kula", "lala" na "njoo". Majirani walisema amemaliza shule. Yeye alijiona amehamishwa nchi.

Tangu wakati huo nimefuatwa na majirani, na mwalimu mmoja, na mama niliyekutana naye kwenye foleni ya kliniki, wote na swali hilo hilo: huyu wangu naye aende wapi? Zipo njia tatu ambazo nimeziona kwa karibu. Nitaziweka pamoja hapa ili kila mtu apime kwa kijana wake mwenyewe. Nazungumzia Tanzania Bara, na hasa wale ambao hawaendelei na kidato cha tano, maana ndio wengi na ndio wanaoachwa bila mtu wa kuwaelekeza.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni chuo maalumu. Serikali ina vyuo vya ufundi stadi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu. Yombo, hapa Dar es Salaam, ndicho kinachojulikana zaidi. Vipo pia Sabasaba mkoani Singida, Luanzari Tabora, Masiwani Tanga, Mtapika kule Masasi na Mirongo Mwanza. Baadhi vilidorora, vikafungwa kwa miaka, kisha vikakarabatiwa na kupokea wanafunzi tena, kwa hiyo usipokee sifa wala lawama za chuo kutoka kwa mtu aliyekiona zamani. Mashirika ya dini nayo yana vituo vyake, vingi vidogo.

Ya pili ni chuo cha kawaida kinachopokea kila mtu. Hapa wengi huwaza VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, wakasahau vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo vilianza mwaka 1975 na leo viko 54, vingi wilayani, mahali ambapo VETA haijafika.

Ya tatu ni kwa fundi: geti, cherehani, saluni, gereji, simu, mikate. Unaongea na mwenye fremu, mnakubaliana, kijana anaanza Jumatatu.

Ipo na ya nne, isiyo na fomu ya kujiunga wala tarehe ya kuanza: kukaa nyumbani. Hakuna familia inayoichagua. Inakuja yenyewe huku mkisubiri kufikiria. Kwa mdogo wangu ilidumu miezi saba, na miezi saba ilitosha kumfanya kijana aliyekuwa akiamka kabla ya kengele awe analala mpaka saa tano.

Mwalimu anaongeaje?

Kwa kiziwi hili ndilo swali la kwanza, na mimi nililiweka la nne. Nilianza na jina la chuo, nikaja kwenye ada, nikaja kwenye fani, nikidhani mawasiliano yatajipa mbele ya safari.

Chuo kimoja cha kawaida kilimpokea kwa mikono miwili. Mkuu wa idara alituambia pale hawana ubaguzi, na kweli hawakuwa nao. Hawakuwa na mkalimani wa lugha ya alama pia. Mwalimu wa kuchomelea alifundisha akiwa amevaa kinga ya uso, akielekeza kwa sauti huku cheche zinaruka. Mdogo wangu anasoma midomo kidogo, lakini midomo iliyo nyuma ya kioo cheusi haisomeki. Vipindi vya nadharia vilikuwa vibaya zaidi: mchoro uko ubaoni, mwalimu anauelezea huku ameligeuzia darasa mgongo. Wenzake walikuwa watu wema. Walimwazima madaftari, akanakili kwa mwandiko mzuri mambo asiyoyaelewa. Muhula ulipoisha alilikunja godoro lake, na sikumlaumu.

Kwenye chuo maalumu utakuta walimu wanaoongea kwa ishara, na kwa kiziwi hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala. Lakini usidhani neno "maalumu" lina maana ya kila kitu kwa kila mtu. Darasa moja laweza kuwa na kiziwi, asiyeona, na kijana wa kiti mwendo, na mwalimu aliyezoea wawili akamsahau wa tatu. Uliza kwa jina la ulemavu wa kijana wako: mwaka huu mnao wangapi kama yeye, na nani anawafundisha?

Kwa fundi hakuna anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania. Hapo ndipo niliposhangaa, maana mdogo wangu alijifunza zaidi kwa fundi wa mageti aliyempokea baadaye, asiyejua ishara hata moja, kuliko kwa mwalimu mwenye diploma. Sababu ni nyepesi. Fundi hahutubii watu thelathini. Anamwonyesha mtu mmoja, anamshika mkono, anamsahihisha palepale. Baada ya miezi mitatu karakana ilikuwa na ishara zake: ya bomba, ya pembe, ya "zima moto", hata ya mteja mbishi, ambayo ni ngumi mbili zinazogongana. Kwa hatari walikubaliana na taa. Fundi akiwasha na kuzima balbu iliyo juu ya benchi, kila mtu anasimama alipo. Balbu ile ilikuwa wazo la mdogo wangu. Chuoni hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwa asiyeona swali hili linabadilika, linakuwa: anasomaje? Nukta nundu ameijua tangu shule, lakini vitabu vya fani kwa nukta nundu ni adimu. Kinachobeba mzigo siku hizi ni simu na kompyuta zinazosoma skrini kwa sauti. Simu nyingi za Android zinakuja na TalkBack ndani yake. Kwa kompyuta kuna NVDA, programu iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, na haiuzwi, inapakuliwa bure. Kwa hiyo chuo kikikwambia hakiwezi kumpokea asiyeona kwenye kozi ya kompyuta kwa kuwa hakina bajeti ya vifaa, mwombe kwa adabu mwenye maabara aiweke NVDA kwenye mashine moja mkiwa mmekaa hapo hapo. Ni kazi ya dakika chache mtandao ukiwa mzuri. Ukiona bado kuna kigugumizi, tatizo halikuwa bajeti.

Fani aliyopangiwa kabla hajazaliwa

Hapa naomba nilalamike kidogo. Kuna orodha isiyoandikwa ambayo kila mtu anaijua: kiziwi ashone au arande mbao, mwenye ulemavu wa miguu atengeneze viatu au redio, asiyeona asuke vikapu au akae kwenye swichibodi apokee simu. Ya swichibodi ilikuwa na mantiki yake enzi zile, na watu walipata ajira nzuri ofisini kwa kazi hiyo. Kisha kila mtu akawa na simu yake mfukoni. Vikapu navyo vinashindana na mifuko ya kiwandani.

Chuo maalumu ndicho chenye hatari kubwa zaidi ya orodha hii, kwa kuwa fani zake ni chache na baadhi ni za tangu vilipoanzishwa. Chuo cha kawaida kina fani nyingi, ila mara nyingi kijana wako atasukumwa kwenye ile "itakayomfaa" kwa macho ya msajili. Mtaani fani ni nyingi kuliko kote. Bajaji za Dar es Salaam ni mfano mzuri: vijana wengi wenye ulemavu wa miguu wanaziendesha, na hakuna mwongozo wa chuo ulioifikiria kazi hiyo kwa ajili yao. Waliiona wenyewe. Chombo kinaongozwa kwa mikono na dereva amekaa.

Upande wa pili wa shilingi ni kazi ambayo kweli haimfai mtu, na huo nao unasahaulika. Kijana mwenye ualbino akipelekwa kuwa saidia fundi wa ujenzi, juani kutwa, anapelekwa kwenye saratani ya ngozi. Hospitali ya KCMC kule Moshi wanatengeneza losheni ya kinga ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, Kilisun, na inasaidia sana, lakini losheni haiondoi jua la saa saba juu ya jengo lisilo na paa. Umeme wa ndani, ushonaji, kompyuta, mapishi: fani za kivulini zipo tele. Na kama haoni ubao vizuri, hilo lisemwe siku ya usajili, lisingojee matokeo mabaya.

Kufika

Kiziwi anapanda daladala kama mimi. Mwenye kiti mwendo anasimama kituoni akihesabu Hiace zinazompita. Ya saba ikisimama, konda anataka nauli ya mtu na nauli ya kiti. Mwendokasi, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016, ilileta vituo vyenye mteremko na mabasi ya kuingilia usawa wa sakafu, na anayeishi kando ya barabara zake ana chaguo ambalo jirani yake wa ndani ndani hana. Kwa hiyo bweni la chuo maalumu lina faida isiyoandikwa kwenye fomu: linafuta safari. Fundi wa mtaa wa tatu naye anaifuta. VETA ya kutwa iliyo upande wa pili wa jiji inaweza kumshinda kijana mwenye akili kuliko wote, asishindwe na masomo, ashindwe na saa kumi na moja alfajiri.

Mkifika, nenda chooni. Nasema kweli. Mteremko wa mlangoni hujengwa ili wageni wauone. Choo ndicho kinachokwambia kama kuna mwanafunzi wa kiti mwendo aliyewahi kukaa hapo kutwa nzima. Pima upana wa mlango kwa kiti chenyewe, kwa macho utakosea.

Fedha

Hapa pafupi. Vyuo maalumu vya serikali havitozi mafunzo, na mwanafunzi anakaa bweni. VETA kwa miaka mingi ada yake imekuwa 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni kwa mwaka. Kinachouma ni orodha ya vifaa, sare na nauli. Fundi hutofautiana. Wapo wanaotaka walipwe ili wafundishe, wapo wanaompa kijana nauli na chakula tangu siku ya kwanza. Serikali pia imekuwa ikiendesha programu za uanagenzi ambazo mwanafunzi halipi, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri ndiyo pa kuulizia kama kuna nafasi mwaka huu.

Bei ya chini isikupumbaze kwa upande wa fundi. Gharama yake iko kwenye muda. Kijana asiye na makubaliano anaweza kufagia karakana miaka miwili. Sisi tuliandika karatasi ya ukurasa mmoja mbele ya mjumbe: miezi kumi na minane, miezi mitatu ya mwanzo nauli tu, baada ya hapo posho kwa kila geti, na ifikapo mwezi wa sita awe amechomelea mwenyewe. Fundi alicheka, "Dada, unaniandikia kama benki," lakini alisaini. Karatasi hiyo tuliirudia mara mbili, na mara zote mbili fundi ndiye aliyeitoa kwenye droo yake.

Cheti

Watu husema mtaani hakuna cheti, mjadala unaishia hapo. Haupaswi kuishia. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: mtu aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo, anaelekezwa pale alipopungukiwa, akifaulu anapata cheti kinachotambulika. Mdogo wangu aliupitia. Safari hii tulifika tukiwa na mkalimani tuliyempata kupitia chama cha viziwi, CHAVITA, na tulikuwa tumewaarifu mapema. Alipoambiwa aunganishe pembe mbili za nyuzi 90 hakuhitaji ukalimani wowote.

Chuo cha kawaida kinashinda hapa kwa usafi: unaingia, unamaliza ngazi, unatoka na karatasi ambayo mwajiri haiulizi mara mbili. Kwa chuo maalumu uliza swali moja tu: mitihani ni ya VETA au ni ya ndani? Cheti cha mahudhurio chenye picha ya bendera si sawa na cheti cha ngazi ya kwanza ya ufundi stadi. Mzazi asipouliza, kijana atakuja kuulizwa na mwajiri.

Jumatatu baada ya mahafali

Tungekuwa tumeanza na hili, tungeokoa mwaka mzima.

Mahafali ya chuo maalumu yanapendeza. Kuna ngoma, kuna mgeni rasmi, wakati mwingine kuna cherehani anayokabidhiwa mhitimu. Kisha basi linampeleka kijana kwao, Kibondo au Newala, kwenye kijiji chenye mafundi cherehani watano tayari na umeme wa kubahatisha. Rafiki zake wote wanaojua lugha yake wamebaki kilomita mia nane nyuma. Miaka miwili ya bweni imempa ujuzi, haijampa mteja hata mmoja. Siukosoi ujuzi wenyewe. Nimeona suruali walizoshona, nami sina suruali nzuri kama zile. Lakini anayechagua njia hii na aanze mwezi wa kwanza wa chuo, siyo wa mwisho, kutafuta mahali kijana atakapoweka cherehani hiyo.

VETA inatoa cheti na mtandao wa wanafunzi wenzake wa eneo hilo hilo, ambao kesho watakuwa na fremu zao na kazi zinazowazidi. Ni faida kubwa kwa kijana anayeweza kuongea nao. Mdogo wangu hakupata hata namba ya simu ya mmoja.

Kwa fundi Jumatatu haipo. Siku ya mwisho ya kujifunza na siku ya kwanza ya kazi ni siku moja, benchi lile lile, wateja wale wale ambao wameshamzoea na wanajua kumwandikia vipimo kwenye ubao wa karatasi. Hii ndiyo sababu njia ambayo watu wanaiona ya chini mimi naipa uzito. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kimesimama juu ya mtu mmoja. Fundi akihama, akiugua, akioa na kubadilika, kijana hana pa kukata rufaa.

Ajira rasmi nayo ipo kwenye sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Asilimia 3 ya watu 20 haifiki mtu mzima, nadhani ndiyo maana wengine huisoma kama mzaha, lakini kwa kiwanda cha watu 200 ni sita, na sita wanahesabika. Kijana mwenye cheti cha VETA ataitumia sheria hiyo vizuri kuliko wa mtaani asiye na cheti, kwa kuwa barua ya maombi inaanza na karatasi.

Kwa kujiajiri kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Inamfaa aliyekwisha kuanza kuliko anayewaza kuanza. Mkopo uliotangulia wateja huishia kwenye kodi ya fremu.

Kuna mfano mmoja unaounganisha mafunzo na Jumatatu, nao uko Iringa. Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi wachache waliofundishwa kutengeneza karatasi, ikiwemo ya kinyesi cha tembo, ikakua ikawa na karakana kadhaa na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Anayejifunza pale anafanya kazi pale. Kama kwenu kuna kitu cha namna hiyo, hata kidogo namna gani, kitembelee kabla ya chuo chochote. Sehemu nyingi hakipo.

Kijana wa kitengo

Niliyoyasema hadi hapa hayamtoshi kijana mwenye ulemavu wa akili. Wenzake wanamaliza darasa la saba kwa mtihani wa Septemba. Yeye anamaliza kitengo, yaani darasa la elimu maalumu ndani ya shule ya kawaida, kwa umri, siku mwalimu anapomwambia mama, kwa upole, kwamba sasa amekuwa mkubwa mno kwa dawati. Hapewi cheti wala kupangiwa shule. Dada mmoja wa mtaani kwetu, binti mchangamfu wa miaka 19, alirudishwa nyumbani hivyo, na mama yake akaacha biashara ya samaki ili akae naye. Kaya ikapoteza shule na kipato siku moja.

Chuo maalumu kinaweza kumpokea kijana kama huyu, na kwa wengine ni nafuu kubwa, lakini bweni kwa mtu anayetegemea ratiba ya nyumbani na uso anaoujua linataka mazoea ya taratibu. Mwende kwanza mchana mmoja, kisha siku mbili. VETA, kwa jinsi madarasa yalivyo, mara nyingi itamwacha nyuma kwenye nadharia hata kama mikono yake inaweza. Kwa binti huyu kilichofaa kilikuwa mama lishe wa kona ya pili. Alianza na kuosha sahani, saa mbili kwa siku. Akaongezewa kukatakata kachumbari. Leo anajua nani anakunywa chai bila sukari na ndiye anayepokea oda za asubuhi, ila hesabu ya chenji inafanywa na mwingine, bila aibu kwa yeyote. Mama yake amerudi feri kuchukua samaki.

Ujuzi mwingine ambao hakuna chuo kinachouweka mbele kwa vijana hawa ni ule wa kuvuka barabara, kujua kituo cha kushukia, kumkatalia mtu anayetaka kumshika. Uanze mapema, angalau miaka mitatu kabla ya kitengo kumtoa. Kwa mabinti nalisisitiza la mwisho, na si la kusemwa mara moja tu.

Maamuzi ni ya nani

Kijana akifika miaka 18 ni mtu mzima, na ajiandikishe kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kama wengine. Bila namba ya NIDA hapati laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti, na mkopo wa halmashauri unakuwa hadithi. Nimeona posho za mwaka mzima za kijana mmoja zikipita kwenye simu ya mjomba, na mjomba hakuwa mwizi, alikuwa na shida zake. Laini iwe ya kijana. Kama namba ya siri inamshinda, achague yeye mwenyewe nani wa kumsaidia.

Fomu zetu zina nafasi ya sahihi ya mzazi, basi tunasaini na kuleta kijana kama mzigo uliolipiwa. Mdogo wangu alipelekwa chuo kile cha kwanza na mimi na baba. Tuliongea na ofisi saa nzima, yeye akiwa amekaa katikati yetu akitazama midomo ikienda. Hakuna aliyemtafsiria chochote, nami ndiye niliyekuwa najua ishara.

Wa kwangu, wa kwako

Nikiulizwa leo, kiziwi aliyetoka shule ya bweni na ambaye nyumbani hakuna anayeongea naye ningemtazamia chuo maalumu kwanza, hasa kama yuko mbali na wenzake, ila na mpango wa Jumatatu mkononi. Kiziwi aliyepata fundi mvumilivu karibu na kwao, abaki hapo, arasimishe ujuzi akiwa tayari. Mwenye ulemavu wa viungo ambaye tatizo lake ni ngazi na umbali, VETA au chuo cha wananchi chenye bweni kitamfikisha mbali zaidi kuliko chuo maalumu, kwa kuwa fani ni nyingi na cheti hakina maswali. Asiyeona ningempigania abaki kwenye masomo kadiri inavyowezekana. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu inawapa kipaumbele wanafunzi wenye ulemavu, na ofisi zinazotaka mtu wa kuandika na kuongea bado zipo kuliko zinazotaka vikapu. Wa kitengo, kazi ndogo karibu na nyumbani, saa chache, ziongezeke taratibu.

Mwezi uliopita niliongozana na binti wa jirani, kiziwi, miaka 17, kukitazama chuo maalumu kimoja. Nilikuwa nimeshajiandaa kumshawishi aende kwa fundi nywele ninayemfahamu, kwa yote niliyoyaandika hapo juu. Safari hii mdogo wangu alikuja nasi, na yeye ndiye aliyekuwa akimweleza mambo kwa ishara, mimi nikabaki nyuma na mkoba. Tulifika saa ya chakula. Ofisi ilikuwa imefungwa kwa mapumziko, tukasimama kwenye ukumbi wa kulia. Meza ya kona wasichana sita walikuwa wakibishana kwa mikono, mmoja amesimama kabisa, sahani za ugali zimesahaulika.

Binti aliwatazama muda mrefu. Kisha akanigeukia akafanya ishara mbili, taratibu ili nizielewe. "Hapa wanaongea."

Ofisi ilipofunguliwa tulichukua fomu, akaijaza mwenyewe.